Kichwa cha Habari Chenye Alama ya Kuuliza

Jumatano, tarehe 20 Desemba 2023, saa nne na dakika kumi na nne asubuhi, tovuti moja ya habari za michezo ilichapisha makala yenye kichwa hiki: "Je, Nyamongo Ongeri Amefariki? Ukweli Wote Huu Hapa." Jibu lilitolewa katika sentensi ya kwanza, nalo lilikuwa "Hapana". Hilo limehakikishwa: nakala ya makala ipo, saa ya kuchapishwa iko juu yake, na jina la mwandishi liko chini. Mwandishi ni Mokeira, binti wa Nyamongo Ongeri wa Nyansiongo, mzee aliyezikwa siku moja kabla.

Mokeira hakusema uongo. Waliokuwa wakiuliza, na walikuwa maelfu, walimuulizia Nyamongo Ongeri mwingine, kijana wa miaka ishirini na miwili anayecheza kandanda Ulaya, ambaye Jumapili ile alikuwa amefunga bao kwa kichwa. Ila ili ieleweke jinsi mwana alivyofika mahali pa kuliandika neno lile wakati udongo wa kaburi la babake ulikuwa bado mbichi, hapana budi kuanza na kazi yake.

Mokeira alizaliwa mwaka 1981, katika ekari nne za chai na mahindi ambazo babu yake aligawiwa mashamba ya walowezi yalipokatwa vipande. Kwa miaka minane alikuwa ripota wa mashinani wa gazeti moja. Alisimama kandokando ya viwanja vya Kisii na Nyamira akiwa na daftari la mistari ya mraba, na mchezo ulipokwisha alimwendea kila mfungaji kumuuliza jina la babake linavyoandikwa. Wachezaji walimcheka. "Madam, andika tu Ochoki, wako wengi, mmoja wao atakuwa mimi." Yeye hakuandika mpaka aambiwe ni Ochoki yupi. Kisha gazeti likapungua kurasa, na waliokuwa wakilipwa kwa kila mstari wakawa wa kwanza kuachwa.

Tangu hapo alimwandikia Machogu, mtu wa Nairobi mwenye tovuti. Ofisi yake ilikuwa chumba cha nyuma cha duka la dawa za mifugo katika soko la Nyansiongo, mahali ambapo harufu ya dawa ya kupe haikutoka hata dirisha likishinda wazi. Kila asubuhi Machogu alimtumia orodha ya maneno ambayo watu walikuwa wameyatafuta kwenye simu zao siku iliyotangulia. Mechi yenyewe ilikuwa imekwisha kuripotiwa na wengine. Kazi ya Mokeira ilikuwa kuichukua ripoti hiyo na kuiumba upya, ili mtu akiandika neno lake pale pa kutafutia, makala yao itangulie kabla ya za wenzao. Neno linalotafutwa lilipaswa kuwemo katika kichwa, lirudi katika sentensi ya kwanza, lirudi tena katika vichwa vidogo. Kichwa kilipendeza kikiwa swali, kwa kuwa watu hutafuta kwa kuuliza. Jibu liwe fupi, kisha mengine yafuate ili msomaji akawie: umri, urefu, mshahara, dini, mpenzi.

Aliifanya kazi hiyo kwa uangalifu uleule wa daftari la mraba, na huenda hapo ndipo msiba ulipoanzia, maana aliiweza mno. Jemimah, mwenye duka, alikuwa akichungulia mlangoni na kikombe cha chai.

"Leo umemwoza nani, Mokeira?"

"Kipa wa timu ya taifa."

"Tena? Wiki jana si ulimwachisha?"

"Wiki jana watu walitafuta kuachana kwake. Leo wanatafuta harusi."

"Ningekuwa mkewe ningekupeleka kwa chifu," Jemimah alisema, akaenda kumpimia mteja chumvi ya ng'ombe.

Jina lililotafutwa kuliko yote mwaka ule lilikuwa la yule kijana wa Ulaya. Mokeira aliandika juu ya Nyamongo Ongeri mara tatu au nne kwa wiki. Kijana huyo alitoka upande wa Birongo, ukoo tofauti kabisa na wa kina Mokeira, lakini hapakuwa na ajabu katika kushirikiana majina. Wagusii humpa mtoto jina la jamaa aliyetangulia, hivyo majina huzunguka na kurudi, na katika kata moja waweza kukuta watu watano wanaoitwa jina moja na wasiojuana. Mokeira alikuwa akiliandika jina la babake mara kumi na mbili katika kila makala, na babake hakuwemo hata katika moja.

Mzee Nyamongo Ongeri alikuwa na miaka sabini na mitatu. Miguu yake ilikuwa imevimba kwa ugonjwa wa figo, na kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha uani kulimchukua muda ambao zamani ungemtosha kufika sokoni na kurudi. Mwaka 1974, akiwa mkamaji wa maziwa katika shamba moja la Borabu, alishinda mbio za mita elfu kumi katika mashindano ya mkoa. Alipewa blanketi la kijivu lenye mistari myekundu pamoja na cheti. Mwaka uliofuata aliteguka goti kwenye mtaro wa chai, na habari zake za mbio zikaishia hapo. Blanketi hilo alikuwa akijifunika mpaka siku zile. Cheti kilikuwa ndani ya sanduku la bati, pamoja na hati ya shamba, chini ya kitanda chake.

Mwezi wa tisa, watu wachache wa eneo hilo waliunda kamati ya kuandika majina ya wanariadha wa kale kwenye ukuta wa uwanja wa kijiji, ule ambao mzee alikuwa akifanyia mazoezi alfajiri kabla ya kukama. Ukuta ungefunuliwa Siku ya Jamhuri. Mzee aliposikia alingoja hadi jioni, chai ya pili ilipomiminwa.

"Mokeira."

"Naam, tata." Ndivyo Wagusii wamwitavyo baba.

"Ule ukuta. Wanaandika kwa rangi au wanachonga?"

"Wanachonga, kisha wanatia rangi."

"Wakichonga ni vizuri. Rangi peke yake mvua huifuta." Aliweka kikombe chini. "Sijawahi kukuomba kitu. Niandikishe."

Ni kweli, hakuwahi. Mokeira alikuwa mwanawe wa pili na ndiye aliyebaki nyumbani. Kaka yake, Jethro, alifanya kazi Mombasa na alikuja na watoto wake kila Desemba. Mama yao alikuwa amekufa. Basi haja ya mzee iliwekwa mikononi mwa mtu mmoja.

Katibu wa kamati alikuwa Abner Anyona, karani mstaafu wa mahakama, mtu wa kalamu tatu mfukoni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekwisha kuletewa majina themanini kwa nafasi thelathini, na baadhi ya wenye majina hayo hawakuwahi kukimbia isipokuwa wakifukuzwa na ng'ombe. Hivyo aliweka sharti: cheti, au gazeti, au jambo linaloonekana kwenye mtandao.

Mzee alimtuma kwanza rafiki yake Job, aliyekuwa wa pili katika mbio zilezile. Job alikuja na mkongojo akasimama mbele ya meza ya katibu.

"Nilimfuata mizunguko ishirini na mitano," Job alisema. "Ule mgongo wa Nyamongo naujua kuliko uso wake. Hata leo akinipa kisogo ndipo namtambua vizuri."

Wazee waliokuwa kwenye benchi walicheka. Anyona naye alicheka, kisha akafunika kalamu yake. "Mzee Job, mimi nakuamini. Lakini neno la mdomo nikilikubali lako, nitalikubali la kila mtu. Leteni karatasi."

"Ana blanketi."

"Blanketi halina jina."

Karatasi ilikuwepo, umbali wa hatua chache kutoka meza ya chakula, na hapa ndipo mtu wa mbali anapoweza kushangaa. Wagusii wana adabu waiitayo *chinsoni*, yaani staha iliyopo kati ya mzazi na mtoto. Mtoto aliyekomaa haingii chumba cha kulala cha babake, hagusi kitanda chake, wala hainami kutazama kilicho chini yake. Wajukuu hawafungwi na sheria hiyo. Wao hutaniana na babu na kurukaruka kitandani mwake. Mokeira na Jethro hawakuwahi kuvuka pazia la chumba kile tangu utotoni. Mzee kuinama hakuweza, wala kuliburura sanduku kwa mguu hakuweza, na kwa sababu ya hati ya shamba hakutaka mkono wa mtu asiye wa damu uingie ndani yake, hata wa Job.

"Watoto wa Jethro wakija watalitoa," alisema.

"Watakuja tarehe kumi na sita Desemba, tata. Ukuta ni tarehe kumi na mbili."

"Basi wewe si unaandika mtandao? Mwambie Anyona atazame huko."

Alilisema kwa imani ya mtu ambaye hajawahi kushika simu ya kioo. Mokeira alipotafuta jina la babake kwa simu yake mwenyewe, alikuta kurasa na kurasa za kijana wa Ulaya, na nyingi zilikuwa za mkono wake. Hata alipoongeza neno "mbio" na neno "Nyansiongo", aliletewa mbio za kijana huyo pembeni mwa uwanja. Miaka miwili alikuwa amempandisha Nyamongo mmoja, na kila ngazi aliyompandisha ilikuwa imemzika zaidi yule mwingine.

Aliandika makala ya babake kama alivyoandika zamani: jina, mwaka, mashindano, ushahidi wa Job, blanketi. Akaituma Nairobi. Machogu alipiga simu kabla ya saa kuisha.

"Mokeira, hii ni nini? Nani anamtafuta mzee wa Nyansiongo?"

"Mimi."

"Wewe ni mmoja. Nipe watu elfu kumi." Kisha sauti yake ikalainika, hakuwa mtu mkali. "Sikiliza, dada. Makala kama hii nikiiweka leo, kesho iko ukurasa wa arobaini. Huyo katibu wako hataiona. Una jina ambalo nchi nzima inalitafuta na wewe unalitupa. Mfunge mzee kwa yule kijana."

"Si jamaa. Kijana ni wa Birongo, ukoo mwingine kabisa."

"Nani amesema ni jamaa? Wewe uliza tu. Weka alama ya kuuliza. Alama ya kuuliza haijawahi kushtakiwa na mtu."

Mokeira alikaa na neno hilo siku tatu. Mtu ambaye zamani hakumwandika Ochoki mpaka ajue ni Ochoki yupi aliijua vyema hatari yake. Lakini alikuwa pia ameandika vichwa vya maswali zaidi ya elfu moja, na hakuna hata kimoja kilichowahi kurudi kumdai kitu. Tarehe 6 Novemba makala ilichapishwa kwa kichwa hiki: "Nyamongo Ongeri: Je, Kasi Yake Aliirithi kwa Bingwa wa Mbio wa Nyansiongo?" Katika aya ya kumi na moja aliandika wazi kwamba hakuna uthibitisho wowote wa undugu kati ya wawili hao. Alijua kwa hesabu za tovuti kwamba wasomaji wengi huondoka baada ya aya ya tatu.

Kama kazi, ilifaulu. Siku ya pili ilikuwa juu kabisa. Anyona aliiona kwa simu yake, akampigia Mokeira kumpongeza na kumwambia kwamba jina la mzee limeingia katika orodha, namba kumi na tisa. Mokeira alikwenda nyumbani kabla ya wakati wake na mkate na nusu kilo ya nyama.

"Namba kumi na tisa," alimwambia mzee.

"Kati ya thelathini?"

"Kati ya thelathini."

"Si mbaya kwa mtu aliyekuwa wa kwanza," mzee alisema, na ilikuwa mara ya mwisho kwa Mokeira kumsikia akifanya mzaha.

Tovuti nyingine zilichukua makala hiyo, kama desturi ya kazi hiyo ilivyo, zikaiumba upya. Ya kwanza iliacha aya ya kumi na moja. Ya pili iliacha alama ya kuuliza. Wiki moja baadaye ilisemwa waziwazi kwamba babu wa nyota wa kandanda alikuwa bingwa wa mbio huko Nyansiongo, na mtu alipotafuta jina hilo aliletewa jibu moja lililowachanganya watu wawili: mzaliwa wa mwaka 2001, mshindi wa mita elfu kumi mwaka 1974. Jemimah alilisoma jibu hilo kwa sauti pale dukani, akapiga paja.

"Kijana alishinda miaka ishirini na saba kabla ya kuzaliwa! Hiyo ndiyo kasi."

Mokeira hakucheka. Aliandikia tovuti zote kuomba masahihisho. Moja ilimjibu kwamba imepata habari hizo kutoka kwa tovuti anayoiandikia yeye mwenyewe.

Kisha vijana wa bodaboda wakaanza kumpigia mzee makelele kutoka barabarani. "Babu wa nyota! Mwambie mjukuu atutumie jezi!" Mzee alidhani wamelewa. Jumamosi ya tarehe 25 Novemba, baada ya ibada ya Sabato, mzee wa kanisa alikuja kumjulia hali, akamuuliza kwa upole kwa nini hakuwahi kuwaambia waumini kwamba ana mjukuu tajiri kiasi kile, maana paa la kanisa lilikuwa linavuja. Alipoondoka, mzee alimwita binti yake.

"Wewe uliandika kwamba mimi ni babu wa yule mtoto?"

"Sikuandika hivyo, tata. Niliuliza."

"Ulimuuliza nani?"

Katika miaka yote ya vichwa vyake, swali hilo halikuwahi kumjia Mokeira. Hakuwa amemuuliza kijana, wala wazazi wake, wala mzee mwenyewe aliyekuwa akikaa naye meza moja.

"Mtu akiuliza," mzee alisema, "hungoja ajibiwe." Akaomba apelekwe hadi penye pazia la chumba chake.

Siku tano baadaye alikuja mtu wa Birongo mbele ya kamati. Alikuwa Mwalimu Ongeri, baba wa mchezaji, mtu mpole aliyevaa suti nzito. Alisema simu yake haipoi kwa watu wanaomuulizia babake, na kwamba babake alikuwa fundi wa kujenga kwa mawe aliyekufa mwaka 1999.

"Babangu hakuwahi kukimbia hata mvua," alisema. "Huyo mzee wa hapa simjui. Simchukii. Lakini naomba asiitumie familia yangu kujiingiza ukutani."

Anyona alimwita Mokeira ofisini, akamwonyesha kiti, akazipanga kalamu zake.

"Dada Mokeira, nimekaa mahakamani miaka thelathini na moja. Shahidi akikutwa na uongo pahali pamoja, hakimu huweka ushahidi wake wote kando. Nimelitoa jina."

"Undugu ndio si kweli. Mbio ni kweli."

"Huenda. Mimi nitajuaje? Ushahidi wa mbio na wa undugu umekuja katika karatasi moja, tena ya mkono wako." Alimtazama kwa huruma ya kweli. "Nikukubalie hivi. Fundi wa kuchonga anamaliza Ijumaa ya tarehe nane, saa kumi na moja jioni. Nikiletewa cheti chenyewe kabla ya hapo, namba kumi na tisa ni yake. Bila hivyo nafasi ataipata mwingine."

Jethro hakupata ruhusa ya kazi. Watoto wake walikuwa na safari ya shule. Mokeira alimwomba mzee amruhusu Job, mzee akakataa. Alimwomba Mong'ina, dada wa babake aliyeishi Nyaramba, ambaye kwa damu angekubalika; Mong'ina alikuwa amelazwa kwa kuvunjika nyonga.

Ijumaa ile mzee alikaa uani juani, blanketi magotini, mgongo wake ukielekea mlango. Saa nane mchana Mokeira aliingia nyumbani akasimama mbele ya pazia la chumba. Nyumba ilikuwa tupu. Pazia lilikuwa la kitambaa cha maua ambacho mama yake alikinunua, na chini yake pengo la shibiri moja lilimwonyesha sakafu, mguu wa kitanda, na mshikio wa sanduku la bati. Alipima kwa macho: hatua nne. Hakuna ambaye angemwona. Mjini watu wa rika lake waliicheka adabu ile, na yeye mwenyewe aliwahi kuicheka. Alikuwa ameingia kwa maneno katika vyumba vya kulala vya watu asiowajua, akahesabu wapenzi wao na talaka zao. Sasa aliinua pembe ya pazia kwa vidole viwili, na harufu ya babake, ya dawa na sabuni ya kipande na usingizi wa mgonjwa, ikamjia usoni. Akaona kwamba akivuka pale hatakuwa tena mtoto wa mtu yeyote. Akaliachia pazia.

Alipotoka, mzee hakugeuka.

"Umekaa sana huko ndani."

"Ndiyo, tata."

"Uliingia?"

"Sikuingia."

Mzee alinyoosha blanketi juu ya magoti yake, polepole, upande huu na upande ule. "Vizuri," alisema. Hakuna aliyeweza kujua kama lilikuwa neno la shukrani au la mtu anayefunga mlango. Walikaa pamoja mpaka jua likaenda nyuma ya mikaratusi na saa kumi na moja ikapita.

Nyamongo Ongeri alikufa Jumatatu, tarehe 11 Desemba, alfajiri. Kesho yake ukuta ulifunuliwa kwa nyimbo na hotuba. Namba kumi na tisa ilikuwa ya mrusha mkuki wa miaka ya themanini, mtu aliyestahili.

Watoto wa Jethro walifika tarehe 16 na wakaingia chumba cha babu yao kama walivyozoea, ila safari hii wakiwa kimya. Walilitoa sanduku wakaliweka mezani. Cheti kilikuwa chini ya hati ya shamba, kimekunjwa mara mbili, kizima kabisa. Jina, mwaka, mkoa, mita elfu kumi, nafasi ya kwanza, na sahihi mbili. Job alikisoma kaburini tarehe 19, mbele ya watu wapatao mia mbili, kwa sauti iliyokatika mara moja tu. Anyona alikuwepo. Alivua kofia, na baada ya kaburi kufukiwa alimwendea Mokeira.

"Jiwe limekwisha kuchongwa," alisema.

"Najua."

"Pengine siku moja kutakuwa na ukuta mwingine."

"Pengine," Mokeira alisema, na wote wawili walijua kwamba hautakuwepo.

Tangazo la maziko lilikuwa limesomwa redioni kwa Kigusii, na mtu asiyejulikana alilisambaza kwa simu akiweka picha ya mchezaji. Asubuhi ya tarehe 20 orodha ya Machogu ilifika kama kawaida. Neno la kwanza lilikuwa: Nyamongo Ongeri amefariki. Machogu hakujua; Mokeira hakuwa amemwambia kitu ila kwamba ana shughuli ya nyumbani. "Wahi hii kabla ya wengine," aliandika. "Watu wana wasiwasi."

Jemimah alimkuta ameketi mbele ya kompyuta yake, kitambaa cha msiba kikiwa bado kichwani.

"Wewe, rudi nyumbani. Nani anafanya kazi leo?"

"Kuna watu wanauliza," Mokeira alisema. "Safari hii ni watu wanauliza kweli."

Aliandika kichwa. Akaandika neno "Hapana". Akaandika kwamba Nyamongo Ongeri yu hai, ni mzima, na anajiandaa kwa mchezo wa Jumamosi, akalirudia jina mara kumi na mbili kama ipasavyo. Katika aya ya mwisho aliweka sentensi moja: kwamba aliyefariki ni Nyamongo Ongeri wa Nyansiongo, mshindi wa mita elfu kumi mwaka 1974. Machogu aliifuta kwa kuwa ilirefusha makala bila faida. Makala ilisomwa na watu elfu sitini na tatu. Mokeira aliendelea na kazi ile, na anaendelea nayo.

Cheti kiko kwa Jethro, Mombasa. Blanketi lilizikwa na mwenyewe. Penye mstari wa muda, cheti hakikuandikwa kitu. Job hakuwa na saa. Na daftari la waamuzi wa siku ile halijaonekana mahali popote. Nyamongo Ongeri alikimbia mizunguko ishirini na mitano kwa muda gani, haijulikani.